Uvira, Kura Moja

Bellevue, Afrika Kusini, Agosti 2019

Sifa mwanangu,

Sasa hivi uko kwa Mama Chantal unasukwa, na kwa vile ulivyochagua nywele nyembamba zile, hutarudi kabla ya saa mbili. Nimefunga cherehani mapema. Nimekaa kwenye meza ya kukatia vitambaa, maana ile nyingine imejaa vitu vyako, na mama yako yuko jikoni na wamama wa kanisa wanakukaangia ndagala, vile visamaki vya ziwani, vya safari kana kwamba Amerika watu hawali.

Mambo ya koti, ya bahasha ya shirika la wakimbizi usiyotakiwa kuiachia hata ukienda chooni, ya kutokubeba mzigo wa mtu usiyemjua, mama yako amekwisha kuyasema mpaka umeyakariri. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kukuandikia juu ya kura. Najua unacheka. Miaka mitatu tunagombana juu ya kura ndani ya nyumba ya kupanga, sisi ambao hatuna hata mahali pa kuipigia, na kesho unapanda ndege, bado Papa hajachoka.

Tuanze na siku ile ulipoletewa karatasi ya mji watakaokupeleka. Faili yako ilitangulia kwa sababu umeshakuwa mtu mzima na una kesi yako, yetu ikabaki inasubiri. Ukafungua karatasi mbele ya Mama: Fargo, Dakota ya Kaskazini. Hakuna aliyepajua. Ukatafuta kwenye simu, ukasoma baridi yake, Mama akashika kichwa. Halafu ukaendelea kusoma, maana wewe huwezi kuishia kwenye hali ya hewa, ukapiga kelele: "Papa! Siku nikipata uraia, kura yangu itakuwa na nguvu kupita ya Espoir!" Espoir, mtoto wa kaka yangu, yuko Houston, kwenye jimbo lenye watu kama utitiri. Ukacheza pale pale katikati ya vitambaa vya watu.

Nikakuambia: "Hongera. Hata ndege hujaiona, umekwisha kuwa mtu mzito."

"Eish, Papa, weye hauamini kitu!"

Ni kweli nilikucheka. Ulinieleza mwenyewe jinsi wanavyofanya kule, na mimi mwalimu wa zamani nilikusikiliza kwa makini. Rais hachaguliwi kwa kuhesabu watu. Kila jimbo lina kura zake, na jimbo dogo linaongezewa mbili sawa sawa na lile kubwa, ili lisionewe. Kwa hiyo mtu wa Dakota na ng'ombe wake anapima uzito kuliko Espoir na mtaa wake mzima. Halafu, ili dawa iwe chungu zaidi, anayeshinda jimbo anachukua kura zote za jimbo, na waliomkataa ni kama walilala nyumbani. Sasa hilo jimbo lako, kwa maelezo yako mwenyewe, linachagua chama kile kile tangu kabla hujazaliwa. Utakuwa na kura nzito, mwanangu, na haitasogeza hata kijiko.

Na hao ndio waliokuja kutukagua sisi! Nawakumbuka kwetu Congo, kule Kalemie, wazungu wenye jileti zenye mifuko mingi, wanainama kuangalia kama sanduku letu lina kufuli, wanaandika kwenye vijitabu. Mmoja aliniuliza kama nimepiga kura kwa uhuru. Mkuki kwa nguruwe. Ningejua wakati ule ningemuuliza na yeye: bwana, kwenu aliyepata watu wengi ndiye anayekaa kwenye kiti?

Hilo ulijibiwa wewe, ule mwaka uliokesha kwa jirani mwenye televisheni ukingoja matokeo ya Amerika. Ulirudi asubuhi macho mekundu. Yule mama aliyegombea urais alipata watu wengi zaidi, mamilioni zaidi, na akaenda kwake. Nilikuwa napiga pasi suruali ya mchungaji. Nikakuuliza imekuwaje, ukasema: "Mara nyingine, Papa." Nilicheka mpaka pasi ikaunguza suruali. Mara nyingine! Hilo ndilo neno wanalolipenda wote wanaokula jasho la wapiga kura. Kwetu Congo, watu wa Beni na Butembo nao waliambiwa mara nyingine, Desemba iliyopita. Ugonjwa upo, usalama haupo, subirini Machi. Januari rais akaapishwa. Wakaja kupiga kura Machi, kumchagua nani, malaika? Na bado wengine walijipanga mstari wenyewe siku ile ile ya Desemba, wakatumbukiza karatasi ambazo hakuna atakayezihesabu. Wewe uliangalia ile video ukalia kwa furaha. Mimi niliwaita wajinga. Mama yako akatoka chumbani, na sote wawili tukadhani amechoka.

Na mwezi wa tano ulimpeleka Gogo, mwenye nyumba wetu, kupiga kura ya Afrika Kusini. Ulimshikia mkoba saa tatu nzima kwenye foleni, ukarudi unang'aa kana kwamba wino ni wa kidole chako. Gogo amepiga kura zote tangu walipoachiwa kupiga. Bomba la maji la nyumba yake linakauka kila wiki na manispaa haipokei simu. Nilimtania, nikamwambia, Gogo, kura yako imefika ofisi ya maji? Alinitazama akasema kwa Kizulu kitu ambacho ulikataa kunitafsiria. Najua hakikuwa baraka.

Yote hayo nayasema na sirudi nyuma. Nawadharau wanaotunga mizani ile, na nawadharau wanaosimama mbele yake wakitabasamu. Lakini ugonjwa huu wa kuamini kura hukuuokota mtaani. Mimi ndiye niliyekupa. Ulikuwa na miaka kumi, ile mara ya kwanza tulipopiga kura kwetu. Nilivaa suti ya harusi. Nilikushika mkono kwenye foleni tangu alfajiri ili uone, na nilipotoka na kidole cheusi nilikuambia, "Leo baba yako ana uzito sawa na mkubwa yeyote wa nchi hii." Ulinitaka nikupake na wewe wino. Miaka miwili baadaye tulikimbia na begi mbili, na hakuna mkubwa aliyekuja kunipima tena. Nilipofika hapa nikaapa sitakuwa mjinga mara ya pili.

Hapo ndipo lilipo kosa langu, Sifa, na hapo ndipo ninapotaka ufike na mimi. Sikuacha kura. Nilijifunza kuitengeneza.

Unakumbuka umoja wetu wa Wakongomani ulipoanza, tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa Jumapili baada ya ibada. Walitaka mtu wa kuandika kanuni, wakasema Mwalimu yupo, awe katibu. Watu wa Uvira walikuwa wengi, wengi sana, na karibu wote wanawake: wasusi, wauza mboga, wauza vitenge. Watu wa mama yako. Sisi wa Kalemie tulikuwa tunatosha kwenye gari dogo. Nikaona mapema kwamba tukihesabu vichwa, kila jambo litaamuliwa na wanawake wa Uvira, na mimi na elimu yangu nitabaki mtu wa kuandika wanachosema. Nikaandika: kila mji una kura moja. Nilisimama nikaitetea kwa maneno mazuri. Nilisema umoja si umoja kama mkubwa anammeza mdogo. Walinipigia makofi. Wanawake wa Uvira nao walipiga makofi, maana Mwalimu amesema. Hakukuwa na mzungu aliyenifundisha. Wewe ulipokuja kunieleza mambo ya Dakota, nilijifanya nashangaa, lakini kila sababu uliyoisoma nilikuwa nimekwisha kuisema mimi kwa mdomo wangu. Nyani haoni kundule.

Miji ilikuwa tisa. Bunia ulikuwa mtu mmoja. Papa Dieudonné, mlinzi wa duka kubwa huko Sandton, anakuja mkutanoni kama kuna chakula. Huyo peke yake alikuwa Bunia nzima, kura moja. Wanawake wa Uvira zaidi ya sitini, kura moja. Tulizoea. Tuliamua hivyo juu ya viti, juu ya sare, juu ya nani ataongoza sala. Mambo madogo, hakuna aliyeumia.

Sasa ile wiki ya fujo, miaka minne iliyopita. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, tulikukataza kutoka. Habari zilisema Jumamosi wenyeji wenye hasira watapita mtaa wetu kufukuza wageni. Tukaitana ukumbini Ijumaa: kesho tufungue maduka au tufunge? Wanawake wenye saluni na meza walisema tufunge, siku moja haiui mtu. Akasimama Papa Dieudonné. "Tukifunga, batasema tunaogopa. Mukongomani haogopake!" Yeye hana duka. Karibu wote waliompigia makofi hawakuwa na duka. Wenye kazi za ulinzi, wa maghala, na mchungaji mmoja. Wangelala kwao Jumamosi huku wenzao wanaonyesha ushujaa kwa niaba yao.

Nikasema kila mji upige kura. Nikapita mbele ya kila mji na daftari. Uvira waliinua mikono, wote, tufunge. Bukavu tufunge. Ikaenda hivyo mpaka ikawa nne kwa nne, ikabaki Kalemie. Tulikuwa watu saba. Watatu walisema tufunge. Watatu wakasema tufungue. Wa saba alikuwa mimi.

Unaniuliza kila siku kama ni kweli kura ya mtu mmoja haiwezi kubadilisha kitu. Nimekudanganya. Yangu ilibadilisha. Niliinua mkono, tufungue, Kalemie ikaenda huko, na miji mitano ikashinda minne, na ukumbi uliojaa watu waliotaka kufunga ukaambiwa utafungua. Nami nikatangaza kwa sauti ya mwalimu.

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Sikuwa na ujasiri wowote, kwanza niliogopa kuliko wote. Ila mke wangu alikuwa amekaa na Uvira, ameinua mkono, na nikaona Papa Dieudonné ananitazama na kicheko mdomoni. Sikutaka waseme katibu anatawaliwa na mkewe. Ni hilo tu, mwanangu. Ningependa liwe kubwa zaidi, lakini ni hilo.

Jioni ile mama yako aliniambia, "Papa Sifa, miye kesho sifungue saluni. Batu banasema batapita barabara ya Rockey." Na mimi nikamjibu, "Muke ya katibu akifunga, nani atafungua?"

Akafungua. Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo hospitalini. Walipofika, alijaribu kuteremsha mlango wa chuma, wao wakauvuta kutoka nje, ukamshukia kwenye mkono wa kulia. Vidole vitatu havijanyooka mpaka leo. Msusi ambaye watu walimfuata kutoka Pretoria, kesho binti yake anasafiri, na kichwa chake kinasukwa na mtu mwingine kwa sababu mama yake anashika kitana kwa mkono wa kushoto kama mtoto.

Lakini kuna jambo ambalo hulijui, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Baada ya wiki chache mama yako alikaa pale dirishani analia, anasema wangemsikiliza. Ukampiga begani kwa upendo ukamwambia, "Lakini Mama, si mulipiga kura? Wengi wape." Ulidhani unamtuliza. Ulidhani wengi ndio walioamua. Mama yako akainua macho akanitazama mimi, ananisubiri niseme. Nikashika mkasi nikaendelea kukata kitambaa.

Alinisubiri miaka minne. Hajakuambia yeye mwenyewe kwa sababu hakutaka kukuvunjia baba. Nami nikageuza aibu ile kuwa dharau. Kila ulipokuja na habari ya kura nilicheka, na ulinicheka na wewe, ukadhani Papa amekata tamaa kwa sababu ya Congo. Congo ilinikatisha tamaa, ndiyo. Lakini mtu aliyeibiwa halii kwa namna niliyokuwa nalia mimi. Hiyo ni namna ya mwizi anayesema mjini wote ni wezi. Kwa hiyo Sifa, si wengi waliomvunja mama yako mkono. Wengi walisema tufunge. Naomba ulibebe hilo jinsi lilivyo, hata likikupa chuki juu yangu.

Siku ukipewa ile kura nzito, piga au usipige, mimi sitakuuliza. Ila ulifurahi kupima kuliko Espoir, na furaha ile naijua ladha yake. Mimi nililala nayo usiku wa siku ile waliponipigia makofi. Ilinifanya nisiwaone wanawake sitini waliokaa mbele ya pua yangu. Wewe una moyo mzuri kuliko wangu, lakini moyo mzuri nao unapenda kupendelewa, na kanuni inayokupendelea huwa inaonekana ya haki kabisa.

Sasa nikuambie la Jumapili iliyopita, maana hukuja, ulikuwa unaaga marafiki. Nilisimama mkutanoni. Mimi si katibu tena, lakini niliomba neno. Nikasema kanuni ya miji niliiandika mimi, niliiandika kwa faida yangu, na siku ya fujo iliumiza watu. Naomba tuiondoe, kila mtu awe na kura yake. Wanawake wa Uvira walipiga vigelegele mpaka watoto wakatoka nje. Nilidhani imekwisha.

Papa Dieudonné akasimama. Amezeeka, bado ni Bunia nzima. "Mwalimu, kanuni ni kanuni. Weye mwenyewe njo uliiandika. Kama tunataka kuitosha, kuiondoa, tupige kura vile kanuni inasema."

Kwa miji, Sifa. Tulipiga kura kwa miji kuondoa kura ya miji. Miji sita ilisema ibaki, mitatu iondoke. Katibu mpya, kijana mwenye mwandiko mzuri, alipita na daftari langu la zamani. Alisimama mbele ya wamama wote wale walioinua mikono, akaandika: Uvira, moja. Hakuna aliyecheka ila mimi, na hakikuwa kicheko.

Tulirudi kwa miguu mimi na mama yako. Pale kwenye roboti ya kona, zile taa za kuongoza magari, tulingoja tuvuke, na kwa ukweli nilikuwa nangoja anishukuru. Nilikuwa nimejidhalilisha mbele ya watu wote, nikaona nastahili neno moja. Hakunitazama. Aliniuliza, "Ile siku ya Ijumaa. Ulihesabu mikono yetu, ao uliandika tu?"

Ningeweza kumwambia niliandika tu. Ingekuwa nafuu kwake kudhani nilimpita bila kumwona. Nikamwambia nilihesabu. Nilihesabu mara mbili, mkono kwa mkono, na wake nikauhesabu. Nilijua idadi yao, nikaandika moja.

Roboti ikawa kijani, tukavuka. Tangu siku hiyo ananizungumzia ya nyumba tu. Ananipa chakula, ananiuliza kama pasi imezimwa.

Nilipanga kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, ndani ya lile koti, uikute Fargo, mbali, mahali ambapo hutaweza kunitazama. Nilikuwa nimekwisha kuandaa bahasha. Lakini hiyo tena ni kuwahesabu ninyi na kuandika ninachotaka. Kwa hiyo ukirudi, kula kwanza. Halafu kaa hapa mezani, uisome kwa sauti, mama yako akiwepo. Utakuwa na usiku mzima na asubuhi ya kuniambia unalotaka kuniambia, na mimi nitakuwa nimekaa kwenye kiti kilicho mbele yako, sina kitambaa mkononi.

Papa yako